Nyota wa Muhogomchungu

Mtajie kijana wa Njisi, huku kwetu Kyela, jina la Rashidi Mfaume Kawawa, atakwambia Waziri Mkuu, Simba wa Vita. Aliyewahi kufika Dar es Salaam ataongeza barabara. Mwigizaji hatamtaja, na ndiyo maana toleo hili la sinema tunalifungua kwa Kawawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliikaribisha kampuni ya Afrika Kusini itengeneze filamu za Kiswahili Tanganyika. Kawawa, mzaliwa wa Songea mwaka 1926 aliyesoma Tabora, alikuwa mtumishi wa Ustawi wa Jamii, akizunguka na gari la sinema. Akapewa nafasi ya mbele katika Muhogomchungu na Chalo Amerudi. Mkoloni alitaka filamu zifundishe watu mwenendo autakao yeye, hilo halifichiki. Lakini watazamaji walimwona Mwafrika mwenzao akisema Kiswahili chao juu ya kitambaa cheupe, kabla hajapanda jukwaani kuwaomba lolote. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Naamini sinema ilimfunza kusimama mbele ya umati, na wanaoimaliza sehemu hiyo ya maisha yake kwa sentensi moja wanamdhulumu.

Ufaransa nayo ilimsahau Max Linder, aliyeanza kuigizia kampuni ya filamu ya Pathé mwaka 1905 na kuchekesha dunia kabla ya Chaplin. Alifariki mwaka 1925, akimwacha binti yake Maud akiwa mchanga mno asiweze kumkumbuka. Maud alipokua alizisaka filamu za baba yake, na mwaka 1963 akatoa filamu iliyounganisha baadhi yake. Watu wakacheka upya.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Kazi ya Maud sasa ni yetu. Vijana wa Kasumulu wanaorekodi michezo kwa simu, na wanaojaza vibanda umiza kutazama filamu za kigeni zilizotiwa Kiswahili, wana haki ya kumwona mtangulizi wao akitembea na kusema. Tunaiomba Bodi ya Filamu izitafute nakala zilizo bora za filamu za Kawawa, izisafishe, kisha izilete mpaka huku Kyela, zisiishie Dar es Salaam. Ukumbi tutautafuta wenyewe. Ukuta wa ghala la mpunga unatosha, na jirani zetu wa Karonga, Malawi, watavuka daraja la Songwe kuja kutazama nasi.