Hedhi Ikichelewa, Shahidi ni Kipimo

Jumapili hii twajibu barua ya mwanafunzi wa chuo anayeishi mjini Voi. Asema hedhi yake, ambayo huja kila baada ya siku 28, imechelewa kwa siku tisa. Alilala na mpenzi wake bila kinga mara moja tu, siku ya 12 tangu hedhi ya mwisho ianze. Sasa anatokwa na uchafu mweupe mzito unaomwasha, na shoga yake wanayeishi chumba kimoja ameapa kuwa hiyo ndiyo dalili ya mimba. Tena amemshauri achemshe majani ya chai, yawe makali, anywe ili "ishuke mapema". Auliza: je, nina mimba au sina?

Binti yangu, umeyachanganya mambo mawili. Hebu tuyatenganishe.

Kwanza, mimba. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka karibu na siku ya 14. Yai lenyewe huishi kama siku moja hivi, lakini mbegu za mwanamume zaweza kukaa hai mwilini mwako hata siku tano zikilingojea. Kwa hivyo siku ya 12 ni miongoni mwa siku za kushika mimba, na "mara moja tu" si kinga. Uwezekano upo, wala usijidanganye.

Hata hivyo, kuchelewa pekee si hukumu. Wasiwasi wa mitihani, maradhi, kukonda kwa ajili ya njaa, mazoezi makali au hitilafu ya tezi ya koo huweza kuizuia hedhi. Anayetumia sindano ya kupanga uzazi aweza kukaa miezi bila kuiona. Na kwa wasichana waliovunja ungo juzijuzi, mzunguko wa siku 45 si ajabu.

Shahidi wa kweli ni kipimo cha mkojo, ambacho hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kwako wewe, zaidi ya majuma matatu yamepita tangu siku ile, kwa hivyo jibu utakalopata ni la kutegemewa. Likiwa "hapana" na hedhi isije, pima tena baada ya juma moja.

Pili, uchafu. Ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai, usiowasha wala kunuka, ni wa kawaida na huonekana yai linapopevuka. Ule mzito kama maziwa yaliyoganda, wenye mwasho, aghalabu ni fangasi. Wa kijivu wenye harufu ya samaki ni bakteria waliozidi ukeni. Wa manjano au kijani, au unaoandamana na maumivu chini ya kitovu, yamkini ni ugonjwa wa zinaa, na hapo hata mpenzi wako hana budi kutibiwa. Yote haya yana dawa, lakini hakuna hata moja linalothibitisha mimba. Usijioshe ndani kwa sabuni wala dawa ya kuulia viini, utazidisha tatizo. Na umwambie mhudumu kuwa huenda una mimba kabla hajakupa dawa yoyote.

Chai hiyo imwage. Michanganyiko ya kutoa mimba imewafikisha wasichana wengi hospitalini, na wengine kaburini.

Kuna jambo moja lisilongoja. Hedhi ikichelewa, kisha ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu ikakutoka, ukahisi kizunguzungu au maumivu ya bega, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni na mtu aweza kufa. Uwe Sagalla, Kasigau au Mwatate, usingoje matatu ya asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo ufikishwe hospitali kubwa iliyo karibu, kama ile ya Rufaa ya Moi hapo Voi, au Wesu kwa walio upande wa Wundanyi.

Nanyi wazazi, msichana anayeogopa kupigwa ndiye anayekunywa sumu gizani. Tangu mwaka 1994 sera ya elimu nchini Kenya yamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo wa mwaka 2020 ukaeleza utaratibu wake. Mimba ya mapema si mwisho wa masomo, ila kimya cha nyumbani chaweza kuwa mwisho wa maisha.

Binti, nenda ukapime kesho asubuhi. Liwe lo lote jibu, tafuta mtu mzima unayemwamini umweleze. Wazee walisema: mficha maradhi kilio humuumbua.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.