Chura wa Kihansi na Wanaomcheka

Wako watu, na miongoni mwao wamo wenye elimu, ambao wakitajiwa chura wa Kihansi hucheka. Huuliza kama taifa liache umeme kwa ajili ya chura. Swali hilo lina sura ya hekima, lakini ndani yake ni tupu, kwa kuwa hapana aliyetaka taifa likae gizani. Lililotakiwa ni kutazama kwanza, kisha kujenga.

Mto Kihansi huteremka katika milima ya Udzungwa. Maporomoko yake yalirusha manyunyu usiku na mchana, na manyunyu hayo yalilea majani ya hekta chache tu. Humo aliishi chura wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu, azaaye watoto walio hai badala ya kutaga mayai kama vyura wengi. Ulimwengu mzima hapakuwa na makao yake mengine. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, kazi ya bwawa ikiwa imekwisha anza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Methali husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kihansi ng'ombe aliyanywa karibu yote. Mabomba ya kunyunyiza maji yalitiwa baadaye, ugonjwa wa kuvu ukazuka, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika makao yake ya asili.

Hakuangamia kabisa kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2012 kizazi chao kilianza kurudishwa bondeni. Aibu iliyoje, kiumbe wa Udzungwa kulelewa ugenini miaka kumi kwa kukosa manyunyu ya kwao!

Dharau hii ina walimu wake. Mabango na vitabu humwonyesha mtoto tembo, simba na twiga, hata akakua akiamini kwamba mnyama wa kulindwa ni yule ambaye mgeni hulipa fedha kumtazama. Chura haleti watalii. Bundi huuawa kwa kuitwa mkosi, ingawa hula panya wanaokula nafaka. Kinyonga hupigwa mawe bila kosa. Tamko alilolitoa Julius Nyerere mjini Arusha, Septemba 1961, lilitaja viumbe vya porini pamoja na mahali vinapoishi. Halikuwachagua wenye pembe na manyoya ya shingoni peke yao.

Wanaocheka wangefanya hesabu, maana hesabu huipenda. Mabomba yale, safari zile za ndege, malezi ya miaka yote ile ng'ambo na kazi ya kuwarudisha vyote viligharimu fedha. Kutembea bondeni na daftari kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa kungegharimu kidogo sana.