Kinyonga wa mtoto hataki kula



Siku moja mtoto wako atarudi kutoka shambani na kinyonga juu ya kijiti. Atakuomba amfuge. Majirani watapiga kelele: "Mtupe huyo! Ana sumu!" Usiogope. Kinyonga hana sumu. Shida yake ni nyingine. Hatakula.

Nyumbani kwangu ilikuwa hivyo. Mtoto alimtia kinyonga ndani ya boksi, akampa ugali. Mimi, mtu mzima, nikasema, "Mwekee mchicha na maji kwenye kisahani." Asubuhi tulimkuta mweusi, na macho yameingia ndani. Hakugusa kitu. Tulidhani ni mgonjwa. Kumbe alikuwa na hofu, baridi na kiu. Na chakula tulichompa hakikuwa chake.

Kwanza mwondoe katika boksi. Kinyonga huishi juu ya miti, hujificha katika majani. Macho yake hugeuka kila moja upande wake, hivyo anakuona hata ukija kwa nyuma. Chukua tenga la kuku lenye matundu madogo. Tia ndani matawi yenye majani mabichi. Litundike mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kuku wasimfikie kumdonoa. Usilifunike kwa chandarua chenye dawa. Dawa hiyo huua wadudu utakaompa. Usiweke vinyonga wawili pamoja, maana hutishana na hupigana.

Halafu mwache. Hili ndilo gumu kwa watoto. Kila mmoja anataka kumshika na kumwonyesha rafiki yake. Kinyonga anayeshikwashikwa hali. Waambie watoto wamtazame kwa mbali siku mbili za mwanzo.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Kinyonga hajui kunywa kwenye kisahani. Porini hunywa umande na matone ya mvua yaliyo juu ya majani. Kwa hiyo chovya mkono katika maji, nyunyizia majani asubuhi na jioni. Au toboa kopo kwa msumari mdogo, litundike juu ya tenga, maji yadondoke polepole juu ya jani. Tazama kinyesi chake pia. Kina sehemu nyeupe. Ikiwa sehemu hiyo ina rangi ya chungwa, bado ana kiu.

Sasa chakula. Kinyonga hula wadudu walio hai. Mdudu asiyetikisika hamwoni kuwa ni chakula. Tafuta panzi, nzi au nyenje. Mdudu asiwe mpana kuliko kichwa cha kinyonga. Usichukue wadudu katika shamba lililopigwa dawa. Wala usimpe wale panzi wa rangi kali wanaonuka, wanaokula mihogo. Ladha yao ni mbaya.

Ngoja jua limpashe moto kwanza. Kinyonga mwenye baridi hana hamu ya kula. Kisha kata miguu mikubwa ya panzi ili asiruke, umweke juu ya tawi mbele ya kinyonga. Rudi nyuma, tulia. Ulimi wake ni mrefu kupita mwili wake, hana haja ya kusogea karibu. Asipokula, mtoe panzi kabla ya usiku, kwa sababu wadudu wengine humng'ata kinyonga akilala. Usimfungue kinywa kwa nguvu. Utamvunja taya.

Kwetu ilikuwa siku ya tatu. Mtoto alikaa chini ya mpera, kimya, jambo ambalo halijapata kutokea. Mara ulimi ukatoka, panzi hayupo! Mtoto alisahau kabisa kwamba tulikatazana kelele.

Lakini wapo wasiokula hata ukifanya yote haya. Kinyonga jike mwenye tumbo kubwa, anayeshuka kutembeatembea chini, huenda anatafuta udongo wa kuchimba atage mayai. Huyo mrudishe siku hiyohiyo. Wengine, zikipita siku nne bila kula, warudishe pia, palepale walipokamatwa. Kinyonga mdogo asingoje siku nne. Hana akiba mwilini.

Hata anayekula, usimweke siku nyingi. Huyu ni mnyamapori. Kumkamata ili kumuuza bila kibali ni kosa. Mwaka 2016 serikali ilizuia kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Mtu akija kijijini kununua vinyonga kwa watoto, mpe habari mwenyekiti wa kijiji.

Wetu tulimrudisha baada ya wiki moja, kwenye ua wa michongoma nyuma ya shamba. Alipanda polepole, akageuka kijani, tukampoteza machoni. Mtoto sasa anataka sungura. Basi mwezi ujao tutazungumza habari za banda la sungura.