Babu Alibeba Mzigo



Mwezi wa Novemba, ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu, ofisi ya parokia hujaa watu wenye nia za Misa. Kati yao ilitufikia familia moja ya hapa Iringa yenye asili ya Tukuyu. Babu wa babu yao alichukuliwa vitani mwaka 1916 na hakurudi. Walitaka jina lake lichongwe katika jiwe kwenye makaburi ya ukoo, na mbele ya jina liandikwe neno “Askari”.

Tuliwauliza: mmejuaje kuwa alikuwa askari? Wakatazamana.

Mwezi Mei mwaka ule kikosi cha Jenerali Edward Northey kilivuka mpaka kutoka kusini kikaitwaa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Julai kilipigana na Wajerumani Malangali, na tarehe 29 Agosti 1916 kikaingia Iringa. Nyanda hizi hazikuwa na reli. Risasi, unga na dawa vilipanda milima juu ya vichwa na mabega ya watu, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi. Kwa kila mwenye bunduki walihitajika wabebaji kadhaa. Kwa hiyo kijana aliyetolewa Tukuyu mwaka ule, yaelekea zaidi alitolewa kubeba kuliko kupiga risasi. (Wangapi kati yetu twendao Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo hukumbuka kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi?)

Familia hii haikuwa imekaa bure. Walikwenda kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola hapa Iringa mjini, wakasoma jiwe moja moja. Hayumo. Kijana wao akapekua orodha ya Tume ya Makaburi hayo katika intaneti. Hayumo. Wakadhani wamekosea herufi za jina.

Huenda hawakukosea. Idadi inayotajwa mara nyingi ya wapagazi waliokufa katika vita hiyo, kwa upande wa Waingereza pekee, ni kama 95,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Karibu wote hawana jiwe wala jina. Gavana Horace Byatt, wa kwanza wa Waingereza hapa Tanganyika, alishauri makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri katika taarifa yake kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Anayemtafuta mpagazi katika orodha za askari hutafuta mahali ambapo hakuwekwa.

Tukawashauri warudi Tukuyu kwa wazee. Huko shangazi mmoja wa miaka tisini na zaidi alisema kuwa hakupata kusikia habari ya bunduki. Alilosikia kwa bibi yake ni “tengatenga”, jina walilopewa wapagazi wa kikosi kile, na kwamba siku ya kuondoka mama mtu alimviringishia mwanawe kata ya majani ya mgomba ya kuwekea mzigo kichwani.

Tulidhani furaha itakuwa kubwa. Haikuwa. Mmoja wa wajukuu alisema waziwazi kuwa hawezi kuwaonyesha watoto wake jiwe la mtu aliyefanywa punda. Tunamwelewa, neno “askari” lina heshima, na “mpagazi” linanuka jasho na kiboko. Hata hivyo hatukukubaliana naye, na tulimwambia hivyo. Katika Injili ya Marko yupo mtu mmoja aliyeshurutishwa na askari kubeba mzigo usio wake. Mwinjili anatutajia jina lake, Simoni, kwao, Kirene, na wanawe, Aleksanda na Rufo. Majina ya askari waliomshurutisha hakuyaandika.

Wapo pia watakaopekua na kukuta kweli babu alishika bunduki, ya Mjerumani au ya Mwingereza. Nao wasiifiche habari nzima. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe wa watu wetu, na waliotumwa kuvichukua mara nyingi walikuwa Waafrika wenzao. Yuda Makabayo aliwakuta askari wake waliouawa wakiwa na hirizi za sanamu chini ya mavazi yao. Hakuwasingizia utakatifu, wala hakuwaacha. Alichanga fedha, itolewe sadaka kwa ajili yao (2 Mak 12:38-46).

Kwa sababu hiyo tunawaomba wenye wazee majumbani wasingoje. Mzee huyo aulizwe Krismasi hii, na daftari liwe mkononi. Vitabu vyetu vya ubatizo tutavifungua kwa yeyote atakayekuja kutafuta wa ukoo wake, ingawa kwa babu huyu wa Tukuyu havikusaidia kitu: hakubatizwa.

Jiwe halijachongwa, ukoo bado unavutana. Misa lakini imekwisha kuombwa, Jumamosi ijayo saa 12:30 asubuhi, na mjukuu yule aliyekasirika ndiye aliyelipa sadaka yake. Tutalisoma jina alilopewa na mama yake, kwa kuwa ndilo pekee tulilo nalo.