Fimbo Nyeusi Iliyopasuka

Barua niliyoipokea juma hili imetoka kwa dada mmoja wa Temeke, mama wa watoto watatu. Anaeleza kwamba mume wake, mfanyakazi wa kiwandani na mpenzi mkubwa wa mchezo wa pool, alichukua fedha za saa za ziada, zile zile walizokubaliana kununulia sare za shule, akampa fundi seremala amkerezee fimbo yake mwenyewe ya kuchezea, yote kwa mpingo mtupu. Fimbo ikaja ikimeremeta kama kioo. Shemeji akaizungusha mtaa mzima. Haikutimu miezi miwili ikapinda, kisha ikapasuka kuanzia kitakoni. Sasa anataka kutengenezesha nyingine, na dada anauliza: Je, tuliibiwa? Na ni mti gani hasa unaofaa, au jambo lenyewe ni upuuzi tu?

Niruhusuni nianze na mti, maana jibu la fedha linautegemea.

Fimbo ya pool huwa na urefu wa sentimita 147 hivi, na uzito wa gramu 510 hadi 600. Nyingi hutengenezwa kwa vipande viwili vinavyoungwa katikati. Kipande cha mbele, kile kinachoteleza juu ya vidole na kugonga mpira, ndicho kinachocheza hasa. Huko Marekani, ambako ufundi huu umekomaa, kipande hicho kwa desturi hutokana na mepo mgumu, mti mweupe wa nchi za baridi ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Fundi mzuri hutazama nyuzi za ubao, ziwe zimebanana na kunyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Rangi haimshughulishi. Waingereza nao, katika mchezo wao wa snuka, hupenda mti wa eshi, ambao nyuzi zake hujichora kama vichwa vya mishale.

Miti ya fahari huwekwa nyuma, kwenye mpini. Huko utaukuta kokobolo wa Amerika ya Kati, wenye michirizi myekundu na myeusi, ambao vumbi lake huwasha ngozi ya fundi. Utaukuta mti mmoja wa Amerika ya Kusini ambao ukikatwa huonekana wa kijivu, kisha ukipigwa na hewa hugeuka zambarau. Na utaukuta mpingo, ule ule wa Tanzania na Msumbiji unaotengenezewa klarineti za Ulaya.

Lakini mpingo una mambo yake. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini huzama. Mpini wa mpingo mtupu peke yake hufikia nusu kilo. Ongeza kipande cha mbele na kiungo cha chuma, tayari umevuka kipimo. Sishangai dada anapoandika kuwa fimbo ya mumewe ilikuwa "nzito kama mchi". Mafundi wanaoujua mti huu hutoboa mpini katikati na kuingiza ndani yake kiini cha mepo, hata uzito ukapungua na mpini ukatulia.

Jambo la pili ndilo lililompasua shemeji moyo. Mpingo hukauka polepole mno, na ukiharakishwa hupasuka. Ncha za gogo hupakwa nta ili maji yasitoke kwa ghafla. Kisha fundi hukereza kidogo, hutundika kipande kipumzike kwa miezi, hukereza tena kidogo, hutundika tena. George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyeanza kutengeneza fimbo mjini New York mwaka 1959 na kufariki mwaka 1975, alikuwa fundi wa mbao kwanza. Fimbo zake nyingi ni za sura ya kawaida tu, na watu wanazigombea mpaka leo. Shemeji, kwa mujibu wa barua, alitaka yake katika majuma mawili.

Basi sidhani kuwa mliibiwa, dada yangu. Hata hivyo fundi simwachii. Seremala anaujua ubao mbichi anapoushika, na kunyamaza mbele ya mteja mwenye haraka ni kosa.

Kama shemeji bado anao moyo, na apime. Kipande cha ubao kiwekwe kwenye mizani ya dukani kila mwezi, uzito uandikwe. Siku utakapoacha kupungua, kimekauka. Aulize pia karatasi. Mpingo huvunwa kwa leseni na husafirishwa kwa kibali cha wakala wa misitu, na tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara yake. Mti mmoja huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia kuvunwa, na ni mfupi na uliopindapinda, hata kipande kirefu kilichonyooka ni adimu. Kule Kilwa wapo wanavijiji wanaotunza misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu. Huo una mwenyewe na una risiti. Anayekuuzia gizani kwa bei ya kutupa hana haki nao.

Kwa maoni yangu mpini wa mninga ungemtosha. Mninga hauchezi-chezi ukikauka, wajua wenyewe kwa vitanda vyenu, na uzito wake ni karibu nusu ya ule wa mpingo. Kipande cha mbele anunue kilicho tayari.

Ile fimbo iliyopasuka msiitie jikoni. Sehemu iliyo nzima ikatwe, ncha zake zipakwe nta, ikae uvunguni mwa kitanda. Baada ya mwaka itatoa pete nyeusi ya kupambia kitako cha fimbo ya mninga. Fedha za saa za ziada za mwezi huu ziende kwenye sare, na shemeji mwenyewe ndiye aende nazo dukani.