Mpimeni dume kabla ya kumuuza mtamba

Kwetu Handeni, mtamba akipandwa mara tatu asishike mimba, hukumu imeshatoka: tasa huyo, apelekwe mnadani. Dume aliyempanda haulizwi kitu. Yuko zizini, nundu imesimama, anakula pumba. (Majumbani kwa watu mambo huwa hayo hayo, lakini hayo tuyaache.)

Nami ni mfugaji, na nasema tunachinja wasio na hatia. Jike mmoja asiposhika, umekosa ndama mmoja. Dume mmoja hutegemewa na majike kama 25. Akiwa mbovu, zizi zima linalala njaa.

Kinachotudanganya ni uchu wake. Dume anaweza kupanda kutwa nzima na mbegu zake zisifae kitu, maana hamu ni jambo moja na mbegu ni jingine. Tena mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa. Aliyeugua homa kali Januari anaweza kutuangusha Machi, wakati amekwisha kunenepa na manyoya yanang'aa.

Kumpima si uchawi. Dume hubanwa kwenye kibanio, daktari wa mifugo akasimama nyuma, akazishusha korodani taratibu na kuzipapasa: zinalingana? Kuna uvimbe? Kisha huzungusha futi ya kamba, kama ile ya fundi cherehani, pale palipo panene zaidi. Kwa madume ya kizungu yaliyopita miaka miwili hutakiwa angalau sentimita 34. Zebu wetu ana umbo dogo, hawezi kuhukumiwa kwa kipimo hicho. Baada ya hapo manii huwekwa chini ya hadubini. Mbegu nzima husonga mbele. Mbovu hutetemeka pale pale, au mkia umejikunja. Na govi lisafishwe, maji yake yaende maabara, kwa kuwa kimelea cha trikomonasi hukaa humo miaka bila dume kuonyesha dalili yoyote, huku majike yakitupa mimba changa.

Wenzangu watasema gharama. Mtamba aliyeuzwa kwa bei ya nyama ni gharama ya nani? Halmashauri hukusanya ushuru mnadani. Sehemu yake inunue hadubini, na dume wa mbegu asiuzwe bila cheti cha daktari. Wanunuzi nasi tusingoje sheria. Anayekusifia nundu na pembe, muulize dume wake amepimwa lini.