Ndege ya Upande Mmoja

Wiki hii mpwa wangu ametapakaza makombo ya foamu sebule nzima. Wembe mkononi, gundi ya moto vidoleni, anaunda ndege ya rimoti, na kila mgeni anayeingia anamwambia ameikosea. Hajaikosea. Ni BV 141, ndege ya upelelezi ya Kijerumani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1938: injini na mkia viko kushoto, watu wameketi kulia ndani ya kibanda cha vioo. Mbunifu wake, Richard Vogt, alitaka wapelelezi waone chini bila kuzibwa na injini. Toleo la baadaye likakatwa hata ubawa wa mkia wa kulia, karibu wote, ili mpiga bunduki wa nyuma naye apate nafasi. Ungedhani itapinduka kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja. Wapi! Nguvu ya pangaboi ilivuta huku, uzito wa kibanda ukarudisha kule. Kombo la umbo si kombo la mwendo. Kijana mwenyewe ameinyanyua kwa ncha za vidole, anasogeza betri kidogo, tena kidogo, mpaka mabawa yatulie sawa. Jeshi la Ujerumani, hata hivyo, lilichagua Focke-Wulf Fw 189, iliyopendeza macho pande zote mbili. Sababu nyingine zilikuwepo, uhaba wa injini ukiwemo, lakini mimi nashikilia kwamba wakubwa wengi huogopa kinachoonekana kichekesho kuliko kisichofanya kazi. Jumapili mpwa wangu anairusha ndege yake. Dada yangu keshaagiza gari lisogezwe.